Kabla ya Kuwapa Ruzuku, Acheni Kuwakamua

Kila msimu wa uchaguzi, kila semina katika hoteli za Goma, kila mkutano wa shirika la raia kijijini, dai moja hurudiwa mpaka limekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi: mkulima na mvuvi wa Kivu Kaskazini ni maskini kwa sababu serikali haimpi ruzuku. Apewe mbolea na mbegu, apewe nyavu na injini ya mtumbwi, apewe pesa mkononi kama wenzake wa Ulaya, naye atasimama. Anayelihoji dai hili huonekana hana huruma na wanyonge. Mimi nalipinga, na ni huruma hiyo hiyo inayonisukuma kulipinga. Kijiji kitakachotusaidia kulipima ni Vitshumbi, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, katika usultani wa Bwito, mtaa wa Rutshuru.

Nimeichagua Vitshumbi kwa sababu ndipo dai hilo linapoanguka wazi kuliko mahali pengine. Kijiji kipo ndani ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoundwa mwaka 1925 na ambayo tangu 1994 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kwa mujibu wa sheria ni kimoja kati ya vijiji vitatu tu vya uvuvi vinavyoruhusiwa upande wa Kongo wa ziwa hilo; vingine ni Kyavinyonge na Nyakakoma. Watu wake hawaruhusiwi kulima. Ukivuka nyumba za mwisho unaingia kwenye mbuga, na mbuga ni ya wanyama. Wanachoruhusiwa ni maji, na maji yanawapa samaki: tilapia, kambale, kamongo. Unga wa muhogo, maharage, mahindi, mafuta, sabuni, vyote huja kwa barabara. Samaki nao hutoka kwa barabara hiyo hiyo.

Sasa chukua mipango ya kusaidia kilimo iliyolihusu jimbo letu. Mradi wa PASA-NK, uliofadhiliwa na shirika la Umoja wa Mataifa la FIDA, ulijengwa juu ya mazao manne: kahawa ya arabika, viazi, mahindi na mpunga. Mpango wa kitaifa wa PNDA, wa dola milioni 500 za Benki ya Dunia, uliiweka Kivu Kaskazini kati ya majimbo yake, na vocha za pembejeo ni moja ya zana zake. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 iliunda mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo na kuahidi kuondoa ushuru wa forodha kwenye pembejeo. Tuchukulie kwamba ahadi hizi zote zingetimizwa kesho asubuhi, bila senti moja kupotea. Mama anayekausha samaki Vitshumbi angepata nini? Hana shamba la kuandikishwa. Hanunui mbolea. Vocha ya mbegu haimhusu.

Mtetezi wa ruzuku atajibu haraka kwamba basi naye apewe ya kwake: nyavu, mtumbwi, injini. Hapo ndipo ubishi wetu unapoanzia. Jibu hilo linachukulia kwamba umaskini wa Vitshumbi unatokana na kitu ambacho hakijaingia kijijini. Mimi nasema unatokana na kile kinachotoka kila siku bila kurudi. Mvuvi wa Vitshumbi analipa ruzuku. Amewalisha kwa miaka mingi watu wengi wasioshika hata kasia: ofisi za serikali, askari wa nchi kavu na wa majini, waasi, na yeyote aliyeweza kufunga kamba barabarani. Kabla ya kuuliza serikali imempa nini, tuhesabu kwanza amechukuliwa nini.

Fuata gunia moja la samaki wa chumvi. Kabla halijawa gunia, mvuvi amekwisha kulipia mtumbwi wake: kibali, mchango wa ushirika, ushuru wa huduma ya uvuvi, na huduma za mazingira na usafi, kila moja na karatasi yake. Akiingia majini, anakutana na mamlaka nyingine. Kwa miaka mingi wavuvi wa Ziwa Edward wamelalamika hadharani juu ya malipo wanayodaiwa ili waachwe watege usiku: malipo kwa wanamgambo wa Maimai walioko ufukweni, malipo kwa watu wenye sare waliotumwa kuwalinda. Asiye na jetoni, yaani kikaratasi cha kuonyesha kwamba amelipa, anaweza kunyang'anywa samaki, nyavu au mtumbwi wenyewe. Asubuhi samaki wanafika ufukweni. Akina mama wauzaji wananunua, wanapasua, wanatia chumvi, wanaanika, wanafunga. Kisha gunia linapanda lori au pikipiki kuelekea Rwindi, Mabenga, Kiwanja, Rutshuru mjini, na hatimaye Goma, safari ya zaidi ya kilomita 100. Penye bariyeri gari husimama. Mwanamke anashuka, anaeleza, anaomba, anatoa noti au anatoa samaki. Gari linaondoka mpaka bariyeri inayofuata.

Huyo mama akiuza Goma, hanunui vitenge. Ananunua unga na maharage ya kurudi nayo, kwa sababu kwao hakulimwi. Unga huo unarudi kwa barabara ile ile, mbele ya watu wale wale. Hivyo Vitshumbi inatozwa mara mbili kwa maisha yale yale: samaki wakipanda na chakula kikishuka. Mkulima wa Jomba au wa Masisi, akikosa nauli ya sokoni, angalau ana viazi vyake nyuma ya nyumba. Mvuvi wa Vitshumbi hana hata mche wa muhogo wa kumvusha wiki mbaya. Kila noti inayobaki kwenye kamba ya bariyeri inapunguza sufuria ya usiku ule.

Haya si manung'uniko ya watu wasiopenda kulipa kodi. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Antwerp, Ubelgiji, ilichapisha uchunguzi juu ya bariyeri za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Watafiti walihesabu bariyeri 798 katika majimbo hayo mawili, na ripoti yao waliipa jina linalosema kwamba kila kinachosogea kitatozwa. Walionyesha kwamba wanaotoza si waasi peke yao. Jeshi la taifa lilikuwa miongoni mwa watozaji wakubwa, pamoja na huduma za kiraia za serikali. Anayesema kwamba serikali haifiki kijijini hajawahi kusafirisha gunia la samaki. Serikali inafika, tena kwa mavazi mengi, na kila vazi lina mkono.

Kwa nini hesabu hii inaubomoa utetezi wa ruzuku? Kwa sababu ya namna bariyeri inavyofanya kazi. Hakuna bei iliyobandikwa. Anayetoza anakutazama, anautazama mzigo wako, na kukisia unachoweza kutoa bila kuacha biashara. Ukiwa na gunia moja unatoa kidogo. Ukiwa na matatu unatoa zaidi. Ukiwa na pikipiki mpya unatoa zaidi tena. Mgawie mvuvi huyo injini na nyavu, na habari itafika kwa watozaji kabla injini haijawashwa. Jetoni ya wiki itapanda. Mchango mpya utabuniwa. Katika msimu mmoja au miwili, thamani ya msaada itakuwa imehamia mifukoni mwa wenye kamba, na mvuvi atabaki na injini anayolazimika kuinunulia petroli, petroli ambayo nayo imelipiwa bariyeri kutoka Goma. Panapokuwa na mchukuaji asiye na kikomo, ruzuku kwa mnyonge ni ruzuku kwa mchukuaji. Vocha huja mara moja kwa msimu, mtozaji huja kila siku. Hakuna bajeti ya wizara yoyote itakayoshinda mashindano hayo.

Lipo jambo la pili, nalo ni zito zaidi, kwa sababu linahusu ziwa lenyewe. Shamba ukilitia mbolea linaweza kuzaa zaidi. Ziwa ukiliongezea nyavu halizai samaki zaidi. Linabaki na samaki wachache zaidi. Ziwa Edward lina ukubwa wa kama kilomita za mraba 2,300, na karibu asilimia 70 zake zipo upande wetu. Lina mipaka, na idadi ya mitumbwi iliyoruhusiwa ilipangwa kufuata mipaka hiyo. Wavuvi wazee wa Vitshumbi wanajua kilichofuata: vijiji visivyo na kibali viliota ufukweni kadiri vita vilivyoendelea, mitumbwi isiyoandikwa ikaongezeka, kokoro na nyavu za macho madogo zikaingia, na watu wakaanza kutega midomoni mwa mito, mahali samaki wanapotagia. Vifaranga vya tilapia visivyojaa kiganja vilianza kuuzwa mafungu sokoni. Katika hali hiyo, anayefika na shehena ya nyavu za bure anauza mbegu ya kesho kwa bei ya leo, hata kama moyo wake ni safi.

Dunia nzima imeanza kulitambua hili. Watafiti wa uvuvi wa baharini walikadiria kwamba mwaka 2018 serikali za dunia zilitoa ruzuku ya dola bilioni 35.4 kwa uvuvi, na kwamba zaidi ya bilioni 22 kati ya hizo zilikwenda kwenye mambo yanayoongeza nguvu ya kuvua: mafuta, injini, vyombo vipya. Tarehe 17 Juni 2022 Shirika la Biashara Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 15 Septemba 2025. Unahusu bahari tu, lakini samaki wa ziwa hawana sheria nyingine ya kuzaliana. Ingekuwa ajabu kama mataifa tajiri yangeacha kuua bahari zao kwa ruzuku, nasi tukaidai ruzuku hiyo hiyo kwa ziwa letu kama haki.

Tena ziwa hili lilikuwa na ruzuku yake, isiyopita kwenye ofisi yoyote. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000, kundi kubwa kuliko yote Afrika. Usiku walipanda mbugani kula majani, mchana walirudi majini, na kinyesi chao kilirutubisha maji, yakaota vijimea vidogo vinavyoliwa na tilapia. Tani kwa tani za mbolea ziliingia ziwani kila siku bila vocha, bila lori, bila sahihi ya waziri. Kisha vikaja vita na bunduki. Wanajeshi na waasi waliwaua viboko kwa nyama na meno. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000. Wavuvi wa Vitshumbi waliona samaki wakipungua, na wengi wao wenyewe huunganisha mambo hayo mawili: kiboko alipoondoka, tilapia alimfuata. Kurudisha kundi hilo na kulilinda ni msaada mkubwa kwa mvuvi kuliko ghala zima la nyavu. Lakini kiboko hapigi picha na mgombea, na hawezi kukabidhiwa mbele ya kamera. Ndiyo sababu hayumo katika hotuba za wagombea.

Jambo la tatu ni orodha. Ruzuku ya mtu mmoja mmoja inahitaji orodha ya majina, na orodha inahitaji mwandishi. Nani atawaandika wa Vitshumbi? Tusijidanganye kwamba tatizo hili ni la Kongo pekee. Tanzania ni nchi yenye amani, yenye serikali inayofika mpaka kijiji cha mwisho. Ilipoanzisha vocha za pembejeo mwaka 2008, mpango uliomlipia mkulima kama nusu ya bei ya mbolea na mbegu bora, watafiti walifuatilia vocha hizo mkoani Kilimanjaro. Waligundua kwamba asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwenye kaya za viongozi waliochaguliwa vijijini. Kenya, mwaka 2024, uchunguzi wa waandishi wa habari ulifichua kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa chini ya mpango wa mbolea nafuu haikuwa na mbolea ya kweli. Wakulima walikuwa wamekwisha kuitia ardhini, na msimu haurudi nyuma. Uganda, jirani tunayegawana naye ziwa hili, ilikabidhi jeshi kazi ya kugawa miche na mbegu kuanzia 2013, na malalamiko ya miche iliyofika imekauka, au iliyofika mvua zikiwa zimepita, yakawa ya kawaida. Kama haya yametokea penye barabara, vyombo vya habari na bunge linalouliza maswali, tunategemea nini Rutshuru?

Najua majibu ya wanaonipinga, na ni majibu ya watu makini, basi niyashughulikie kwa heshima.

La kwanza ni Ulaya. Wanasema: mkulima wa Ufaransa anaishi kwa ruzuku, karibu theluthi ya bajeti ya Umoja wa Ulaya inakwenda kwenye kilimo, basi kwa nini sisi tukatazwe? Sisemi tukatazwe. Nasema tutazame mpangilio. Mkulima wa Ufaransa hupokea malipo yale akiwa tayari na barabara, hati ya ardhi, benki, umeme, daktari wa mifugo na mahakama. Hakuna askari anayemngojea njiani na kamba. Malipo yale ni ghorofa ya mwisho ya nyumba ambayo msingi wake ulijengwa kwa vizazi. Anayetaka tuianze nyumba kwa ghorofa hiyo anatuita tukalale hewani.

La pili ni ahadi ya Maputo. Mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, na Kongo imebaki mbali na kiwango hicho. Ni kweli, na ni aibu. Kiongozi anayetangaza kwamba ardhi ya juu italipiza kisasi kwa madini ya chini, kama anavyopenda kusema Rais Tshisekedi, anapaswa kuonyesha maneno hayo kwenye bajeti. Lakini asilimia 10 ni kipimo cha fedha, hakisemi zitumike vipi. Zikitumika kununua mifuko ya kugawa, tutakuwa tumetimiza Maputo na kumwacha mvuvi alipokuwa. Wanaodai asilimia hiyo nipo nao. Nawaomba tu waongeze swali la pili: kwa ajili ya nini?

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Wanasema: unazungumza juu ya kuondoa bariyeri wakati Vitshumbi haipo hata mikononi mwa serikali. Ni kweli. Kundi la waasi la M23 liliingia Vitshumbi mwezi Machi 2024, na mwishoni mwa Januari 2025 likaichukua Goma yenyewe. Benki za Goma zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi kundi hilo linavyotoza watu na mizigo katika maeneo linayoyashika. Lakini hoja hii inamgeukia mwenye kuitoa. Kama Kinshasa haiwezi kuondoa kamba kwenye barabara ya Rutshuru, itapitisha wapi mbolea na nyavu? Itamlipa mvuvi kupitia benki ipi? Msaada wa mkononi unahitaji utawala mzuri kuliko kuacha kuchukua. Kuacha kuchukua hakuhitaji lori, ghala wala fedha za wafadhili. Kunahitaji amri, na nia ya kuisimamia. Tena ni kipimo kinachomfaa kila anayejiita mtawala, awe aliyetumwa na Kinshasa au aliyeingia kwa bunduki. Wengi wameingia Vitshumbi wakisema wamekuja kuwakomboa watu. Watu wa pale wana haki ya kuwapima wote kwa swali moja: tangu ulipokuja, gunia langu linalipa mara ngapi mpaka Goma?

La nne ni njaa. Watu wana njaa leo, wanasema, nawe unawahubiria misingi. Hapa sina ubishi. Aliyekimbia vita akiwa na godoro kichwani apewe chakula na pesa, bila masharti na bila kuchelewa. Msaada wa dharura ni wajibu wa kibinadamu. Ninachokataa ni kuugeuza msaada wa dharura kuwa sera ya kudumu ya uchumi, tukamzoesha mtu mzima mwenye kazi yake kungoja foleni badala ya kudai njia.

Wala nisichanganywe na wale wanaosema wanakijiji ni wavivu na ruzuku itawaongezea uvivu. Huo ni uongo na ni matusi. Anayelala mtumbwini usiku kucha kati ya viboko, upepo na risasi hawezi kufundishwa bidii na mtu wa ofisini. Mwezi Julai 2018 wanamaji wa Kongo na wa Uganda walifyatuliana risasi juu ya ziwa hili, na wavuvi walirudi majini baada ya hapo kwa sababu watoto wanakula kila siku. Nataka waachiwe matunda ya bidii yao.

Basi fedha za umma ziende wapi? Ziende kwenye vitu ambavyo hakuna mtu anayeweza kuvibeba nyumbani peke yake, na hakuna mtozaji anayeweza kuvikatia kipande. Mfano tunao mlangoni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu walichukua samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wakawaweka Ziwa Kivu, ambalo halikuwa na samaki wa kujaza sehemu zake za wazi. Ndio sambaza wetu wa leo. Baadaye wavuvi wakafundishwa kuvua usiku kwa taa na nyavu za kuinua. Hakuna aliyepewa vocha ya sambaza. Hakuna orodha iliyoandikwa. Lakini tangu hapo vizazi vya wavuvi wa Goma, Bukavu, Gisenyi na Cyangugu vimesomesha watoto kwa samaki huyo, na maskini wa Goma amepata kitoweo cha bei anayoiweza. Kazi moja ya sayansi iliyofanywa kwa ajili ya wote imedumu zaidi ya miaka 60. Nionyesheni mgawo wa nyavu uliodumu miaka 6.

Mfano wa pili ni wa Vitshumbi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 uliundwa ushirika wa wavuvi uliokuja kuitwa COPEVI, makao yake yakiwa Vitshumbi, ili wenyeji ambao ardhi yao ilikuwa imeingizwa hifadhini wanufaike na ziwa. Wazo la mwanzo lilikuwa la haki: mmetunyima ardhi, basi maji haya yawe yetu kwa utaratibu unaojulikana. Idadi ya mitumbwi iliwekwa, nyavu zilipimwa, mnunuzi alijulikana. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro za kikoloni, na baadaye uongozi mbovu na vita viliumaliza nguvu. Lakini unafundisha kwamba fidia ya kweli kwa watu wa Vitshumbi ilikuwa haki ya pamoja juu ya ziwa lenye ulinzi. Haki hiyo ilipoharibika, ndipo tulipoanza kuzungumza juu ya kugawa vitu.

Kwa hiyo orodha yangu ya madai haina mfuko hata mmoja wa kugawa. Malipo yote ya mvuvi yakusanywe mahali pamoja, kwa kiasi kilichobandikwa ukutani ufukweni, na risiti moja iheshimiwe mpaka Goma. Anayetoza baada ya risiti hiyo ashitakiwe kama mwizi. Wauzaji wa Vitshumbi na Kiwanja wapewe mahali pa kupeleka malalamiko bila kutaja majina yao. Maeneo ya kutagia samaki yalindwe kwa doria yenye wavuvi wenyewe ndani yake, na ulinzi huo uanzie kwa wenye bunduki na wenye magari kabla ya kumkamata kijana mwenye ndoano. Viboko walindwe kama sehemu ya uvuvi, na walinzi wa hifadhi na wavuvi wakae meza moja kulijadili hilo. Kongo na Uganda zipange pamoja idadi ya mitumbwi na msimu wa kupumzisha ziwa, kwa sababu samaki hajui mpaka. Mto Rutshuru unaendesha kituo cha umeme cha Matebe tangu 2015. Umeme wa mto unaomwaga maji yake Ziwa Edward ugandishe pia barafu ya samaki wa Ziwa Edward, ili mama asilazimike kuuza kwa bei ya hasara kabla jua halijazama. Na barabara ya Vitshumbi mpaka Kiwanja itengenezwe na kuachwa wazi.

Mambo haya yakifanyika, nitakuwa wa kwanza kujadili vocha. Huenda zikawa na mahali pake, kwa mjane anayeanza biashara ya samaki, kwa kijana anayebadilisha kokoro kwa nyavu halali. Lakini leo, anayemjia mvuvi wa Vitshumbi na zawadi mkononi aulizwe kwanza kuhusu kamba zilizo barabarani: ni ngapi, za nani, na lini atazikata. Asiyekuwa na jibu la swali hilo hana sera ya kilimo wala ya uvuvi, na kura, sahihi au makofi ya watu wa Vitshumbi asipewe.